Nondo, Beleshi na Jangwa la Sonora

Oktoba 2015 Ceci Flores, mama wa kaskazini-magharibi mwa Meksiko, alimpoteza mwanawe Alejandro katika jimbo la Sinaloa. Akafanya kama mzazi yeyote: akaenda kwa wenye ofisi, akaeleza, akangoja. Mei 2019 akachukuliwa mwanawe mwingine, Marco Antonio, huko Bahía de Kino, katika jimbo la Sonora.

Mwaka huohuo akaacha kungoja. Akaanzisha Madres Buscadoras de Sonora, kundi la akina mama wanaowatafuta watoto wao kwa mikono yao wenyewe.

Sehemu kubwa ya Sonora ni jangwa la dungusi na miiba, na kiangazi joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo kazi huanza alfajiri. Mama ambaye jana alikuwa mpishi au mchuuzi hujifunza kusoma ardhi: wapi imetitia, wapi rangi ya udongo haifanani na ya jirani yake. Hapo hupigiliwa nondo kwa nyundo, ikachomolewa na ncha yake kunuswa. Ikitoa harufu ya uozo, sururu na mabeleshi hushuka. Palipochomwa miili hapana harufu. Hubaki vipande vya mifupa vya kuchekechwa. Wataalamu wa serikali huitwa baadaye, na hilo peke yake linasema mengi.

Simu nayo ikageuka chombo cha kazi. Mtu asiyejitaja jina hudokeza mahali. Akina mama hurusha matangazo mubashara wakionyesha kiatu au shati lililofukuliwa, na mzazi aliye mbali huenda akalitambua.

Ceci aliwahi pia kuwaomba hadharani wakubwa wa magenge ya uhalifu wawaache watafute, akisema kwamba wao hawamsaki muuaji, wanataka watoto tu. Wapo waliochukizwa. Ila anayemlaumu na atuambie kwanza nani mwingine alikuwa na funguo za jangwa lile. Julai 2021 Aranza Ramos, aliyekuwa akimtafuta mumewe, aliuawa Sonora. Ceci mwenyewe, kwa sababu ya vitisho, ikambidi ahame.

Mei 2022 orodha ya serikali ya waliotoweka nchini humo ilivuka watu 100,000. Machi 2024 Ceci akabeba beleshi hadi Ikulu katika Jiji la Meksiko ili amkabidhi Rais Andrés Manuel López Obrador, naye aingie kazini. Rais hakumpokea.