Hedifoni za Ruwi

Arusi ya binamu yangu ndiyo iliyonipeleka Maskati, ila mama mdogo nilishamwambia mapema kwenye simu: arusi ikisha, anipeleke Ruwi nikatafute hedifoni. Nilitaka zile kubwa za kufunika sikio zima, zisizo na waya, zenye kuzima kelele. Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na watafiti na kuyaandika neno kwa neno, na nyumba yetu ya Ng'ambo, Unguja, imepakana na fundi wa madirisha ya chuma. Umeme ukikatika anawasha jenereta, ukirudi anawasha mashine ya kukatia. Katikati ya hayo nina bibi wa Paje anayeeleza namna mwani unavyofungwa kwenye kamba, anasema polepole na kwa lahaja ya kwao, nami sitakiwi kubahatisha hata neno moja.

Mama mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Watu wanakuja Maskati kununua dhahabu na udi, wewe mwanangu unakuja kununua kimya?"

Nikamwambia udi pia nitanunua.

Mpaka hapo safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa boti ya kwenda Dar. Ndege nilikuwa naziona zikishuka Kisauni tu, sijawahi kuipanda hata moja. Ndugu waliokwisha kusafiri walinifundisha yote: masikio yakiziba nimeze mate, pasi isitoke mkobani, shuka la kujitanda nisiliweke kwenye begi la chini maana ndani kuna baridi. Hakuna aliyenitajia mvumo. Nilipewa kiti cha dirishani nyuma kidogo ya bawa, karibu na injini, na ndege ilipotulia juu ule mvumo haukuongezeka wala kupungua, ulikaa tu. Baada ya muda nikajikuta napiga ukelele kumwomba mhudumu maji, naye kainama pale pale mbele yangu.

Ndani ya ndege ya abiria kelele huwa desibeli 80 na kitu. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 mtu mzima anaweza kuzisikiliza saa 40 kwa wiki bila ya kudhurika. Sasa abiria anayetaka kusikia mawaidha au taarabu juu ya mvumo huo hana budi aipandishe sauti mpaka iupite, na hapo ndipo masikio yanapoanza kuliwa kidogo kidogo bila ya mwenyewe kujua.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, kanzu nyeupe na kofia ya Kiomani, Kiswahili chake cha Mjini hasa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza. Lazima alikuwa ameshaona nilivyoshika mikono ya kiti. Akavua hedifoni zake, akazipangusa kwa leso, akanipa. "Vaa hizi, mwanangu, upumzike roho."

Nilizivaa juu ya mtandio. Hakukuwa na muziki wowote. Mvumo ulizama, ukaenda mbali, na taya zangu zikalegea. Sikujua kwamba nilikuwa nimeziuma tangu tulipoondoka. Kisha nikasikia kitu kingine. Viti vitatu mbele yetu kulikuwa na mtoto mchanga analia, na kilio chake kilikuja wazi, wazi kuliko kabla. Nikamgeukia mzee na kumwonyesha kwa kidole. Alinielewa bila ya kusikia nilichotaka kusema. "Mtoto hazimiki," akasema. "Hizi zinazima injini tu."

Maneno hayo yana maana kubwa kuliko matangazo yote yaliyobandikwa kwenye maboksi ya hedifoni. Kila ganda lina maikrofoni ndogo nje na nyingine ndani. Zinanasa kelele, na kompyuta ndogo iliyomo inatengeneza sauti iliyo kinyume chake: pale wimbi la kelele linaposukuma hewa, hili linavuta. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kwa nguvu sawa, mmoja ndani na mmoja nje, mlango hautikisiki. Hila hiyo inafanya kazi vizuri kwa sauti nzito zinazokwenda kwa mwendo mmoja, kama vile injini, kiyoyozi, jenereta na feni. Sauti kali na za ghafla, kama kilio, honi au sahani inayovunjika, mawimbi yake ni mafupi na yanabadilika kabla mashine haijawahi kuyajibu. Hizo zinazuiwa na mto wa sikio tu, kwa kuziba.

Na kitu chenyewe kilizaliwa kwa shida hiyo hiyo ya ndege. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya wazo la kuzima sauti kwa sauti huko Marekani mwaka 1936, lakini vifaa vya wakati ule havikuweza kulitimiza. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa chuo cha MIT na mwenye kampuni ya spika, alikuwa anarudi Boston kutoka Zürich. Wahudumu wakampa hedifoni asikilize muziki, mvumo wa ndege ukaumeza muziki wote. Akatoa karatasi akaanza kupiga hesabu humo humo angani. Kampuni yake ilitoa hedifoni za marubani mwaka 1989, na za abiria wa kawaida, zilizoitwa QuietComfort, mwaka 2000. Miaka ishirini na zaidi kutoka hesabu za kwenye kiti mpaka dukani! Nilipoisoma habari hii baadaye nilimkumbuka yule mzee na leso yake.

Arusi sitaieleza hapa, ingawa ilistahili. Nitasema tu kwamba kwenye chumba cha wanawake kulizungumzwa Kiswahili zaidi kuliko Kiarabu, na kwamba halua ya kule si ya mchezo. Wengi wa mabibi wale walizaliwa Unguja na Pemba, wakaja Oman baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Kila mmoja aliniuliza kwetu wapi, na kila mmoja akajua mtaa.

Ruwi ni mtaa wa biashara: simu, vitambaa, maduka ya kubadilisha fedha, mikahawa ya Wahindi yenye chai ya maziwa nzito. Tulikwenda jioni. Duka la kwanza lilikuwa na vioo na taa nyingi, na kijana mmoja wa Kerala alituletea AirPods Max kabla hatujamaliza salamu. Ni kitu kizuri, sikatai. Chuma kitupu, kimeng'arishwa, sauti safi. Lakini zina gramu 385, na shingo yangu ilijua hivyo mapema. Hazina kitufe cha kuzimia. Unazilaza kwenye mkoba wake ziingie zenyewe kwenye hali ya kula umeme kidogo. Zilitoka mwishoni mwa 2020 kwa dola 549, yaani kama rial 211 kwa kuwa rial moja ni dola 2.6, na waya wa kuchomekea kwenye skrini ya ndege ulikuwa unauzwa mbali. Mama mdogo alipoelezwa hilo la waya akanishika mkono tukatoka.

Duka la pili lilikuwa kuukuu zaidi, na muuzaji wake, mtu wa makamo, alipotusikia tunasemezana akaingilia kwa Kiswahili. Alizaliwa pale pale Maskati, akalelewa na bibi yake mtu wa Wete. "Vaa, tembea, kaa kitako," aliniambia. "Hedifoni haichaguliwi kwa kusoma boksi." Akanisimamisha chini ya kiyoyozi kikubwa kilichokuwa kinavuma, karibu na friji ya soda. Hapo ndipo uchaguzi wangu ulipofanyika, na nitaueleza kwa urefu kwa sababu haya hayaandikwi popote.

Navaa miwani na mtandio. Mto wa hedifoni unafanya kazi kwa kuziba, na penye upenyo hata wa unene wa kucha, mvumo unaingia na besi inatoka. Nilivaa Sony WH-1000XM5, za mwaka 2022, ambazo watu wengi wanazisifu kwa kuzima kelele. Kiyoyozi kikapungua, hakikuisha. Muuzaji akanyoosha kidole, akaubonyeza mto nyuma ya sikio langu pale mkono wa miwani unapopita. Kimya. Akaachia, mvumo ukarudi. Akabonyeza tena, ukaondoka. Miwani yangu ina mikono minene ya plastiki, na mtandio nilikuwa nimeukunja mara mbili sikioni. Nikaufungua nikaujitanda upya, safu moja tu ya kitambaa juu ya sikio, bila ya pini upande huo, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya hedifoni moja na nyingine.

Hizo Sony ni nyepesi, gramu 250 hivi, na betri yake inakwenda saa 30. Zilinishinda kwa jambo jingine. Amri zake zinatolewa kwa kugusa ganda la kulia: ukitelezesha kidole sauti inapanda au kushuka, ukifunika kwa kiganja dunia yote ya nje inaingia. Sasa mwanamke mwenye mtandio anaurekebisha mara ngapi kwa saa? Kila nilipouvuta mbele, kiganja kilipita kwenye ganda na hedifoni zikadhani naziamrisha. Unaweza kuuzima mguso huo kwenye programu ya simu, lakini hapo unabaki kutafuta simu kila unapotaka kupunguza sauti. Pia hazikunjiki, mkoba wake unakula nafasi ya doti mbili za kanga begini.

Sennheiser Momentum 4 zilikuwa na sauti tamu kuliko zote kwa masikio yangu, na betri ya saa 60, ila kiyoyozi kilibaki kunong'ona, na zenyewe pia ni za kugusa. Bose QuietComfort Ultra za mwaka 2023, dola 429 zilipotoka, zilizima vizuri sana. Nilikuwa nimeshaanza kuzizoea muuzaji alipotoa ndugu zake za bei nafuu, QuietComfort za mwaka huo huo, dola 349, zenye vitufe vya kubonyeza. Vitufe vya kweli, vinavyohisika kidoleni juu ya kitambaa. Zinakunjika. Hazifiki gramu 250. Saa 24 za betri, na waya wa ndege umo ndani ya boksi.

Nikiwa nimezivaa, kiyoyozi kimekufa na friji imekufa, nikasikia adhana ya magharibi kutoka msikiti wa jirani, kwa mbali lakini herufi kwa herufi. Muuzaji alikuwa ananitazama usoni. "Sauti ya mtu inapita," akasema. Hapo nilishaamua.

Palikuwa na mengi kwenye maboksi niliyoyaruka makusudi. Sony wana mfumo wao wa LDAC wa kupitisha sauti kwa Bluetooth, hadi kilobiti 990 kwa sekunde. Mwenye muziki wa ubora wa juu na simu inayoukubali atafurahi. iPhone haziutumii kabisa, na mimi mahojiano yangu yamerekodiwa kwa simu ufukweni. Nilichouliza ni vitu vya maisha. Mito ikichakaa nitapata mingine? Ipo, inauzwa peke yake, na inachomoka kwa mkono. Waranti itanifaa Unguja? Hapo alikuwa mkweli: waranti ni ya wakala wa Oman, kikiharibika kitu itabidi kirudi kwa mama mdogo. Zinaweza kushika kompyuta na simu kwa wakati mmoja? Ndiyo.

Mama mdogo akachukua nafasi yake. Alianza na habari za bibi wa Wete, akapita kwenye afya ya watoto, akaishia kwenye bei, na rial kadhaa zikaanguka.

Kwenye ndege ya kurudi nilichomeka waya kwenye kiti, nikatazama filamu kwa sauti ya chini kabisa, nikashuka Kisauni kichwa hakiniumi. Kesho yake umeme ulikatika na fundi akawasha jenereta. Niliiona ikitetemeka uani kwake, sikuisikia. Mashine ya kukatia chuma ni kesi nyingine: ni sauti kali, na ilipita ikiwa nyembamba, kama mkwaruzo. Bibi wa Paje nilimwandika mpaka mwisho. Upepo wa pwani uliomo ndani ya rekodi yake ulibaki vile vile, kwa sababu hedifoni inazima kelele ya chumba chako, haisafishi iliyorekodiwa. Wateja wangu wawili bado hawaamini hilo.

Kwa hiyo ukipata wa kukupeleka Ruwi, au ukinunua Darajani au Kariakoo, vaa miwani yako ya kila siku na ujitande kama unavyojitanda kazini. Omba usimamishwe chini ya kiyoyozi, siyo karibu na spika ya muziki. Bonyeza mto nyuma ya sikio. Mvumo ukipungua ukibonyeza, hizo hazikukai sawa, omba nyingine. Zikiwa na jina kubwa na bei ya shilingi elfu thelathini, hizo ni za bandia. Njiani zivue, bodaboda hazipigi honi mara mbili. Na kama kelele inayokusumbua ni ya watu wanaozungumza nyumbani, weka fedha zako, hakuna hedifoni itakayoizima kabisa.