Namba za Wazazi Zilipokwama Mtandaoni



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, leo tunawahadithia jambo lililotufika hapa Masaka, Kigali, ili liwe funzo kwetu sote.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Sisi tusio na bahari hatukuwa na habari. Tulikuwa tukisomesha, mara mtoto mmoja akabanwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imebaki nyumbani. Orodha ya wanafunzi wote tulikuwa tumeiweka mtandaoni. Tukaifungua, ikawa inazunguka tu. Ajabu ni kwamba kupiga simu kuliwezekana. Tulichokosa ni namba ya mama yake!

Mwanafunzi mkubwa aliyepajua kwao akapanda pikipiki, akarudi na mama na dawa. Alhamdulillaah, mtoto alipata nafuu. Lakini sisi walimu usiku ule hatukulala vizuri. Tulikuwa tumezembea amana.

Tena somo lenyewe tunalisomesha kila mwaka. Walipouawa mahafidhi wengi katika vita vya Yamama, Sayyidna Umar (R.A.) alimshauri Sayyidna Abubakar (R.A.) Qur-aan ikusanywe katika maandishi, na Zayd bin Thabit (R.A.) akapewa kazi hiyo. Baadaye Sayyidna Uthman (R.A.) akapeleka nakala katika miji mbalimbali. Hawakutegemea vifua peke yake, wala mahali pamoja. Sisi tulitegemea mahali pamoja.

Sasa tunafanya hivi:

1. Majina, namba za wazazi na maradhi ya watoto yameandikwa katika daftari, nalo linafungiwa kabatini, kwani ni siri za watu.
2. Nakala nyingine imo katika flashi yenye neno la siri, nyumbani kwa mwalimu mmoja.
3. Kila mwanzo wa mwezi tunazima intaneti, kisha tunajaribu kumpata mzazi mmoja.

Nanyi wazazi, mkibadilisha namba tuambieni siku hiyo hiyo, na mtupe namba ya jamaa wa pili. Daftari lenye namba iliyokufa halimsaidii mtoto.

Tunamuomba Allaah (S.W.) atuhifadhie watoto wetu na atuwezeshe kutunza amana. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.