Ufunguo wa Baba

Ufunguo wa Baba ulikatikia ndani ya swichi miezi miwili baada ya mazishi. Fundi wa Grogan aling'oa swichi nzima, akafunga nyingine na ufunguo wake mpya. Nikawasha. Stata ikazunguka, injini ikakataa. Kwenye dashibodi, taa nyekundu inapepesa tu.

“Kijana, hii gari inadhani wewe ni mwizi,” fundi akacheka.

Akanionyesha koili iliyozunguka tundu la swichi. Kazi yake ni kusoma chipu iliyo kwenye kichwa cha ufunguo. Kompyuta ya gari isipoitambua hiyo chipu, injini haiwaki, hata kama meno ya ufunguo yanaingia sawasawa. Ufunguo wangu mpya ulikuwa chuma tupu.

“Ule wa zamani uko wapi? Ama ulitupa?”

Kichwa chake kilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeshindwa kukitupa. Akapasua plastiki, akatoa kitu kidogo kuliko punje ya mahindi, akakihamishia kwenye ufunguo mpya. Injini ikanguruma.

Nyumbani kina anko wameanza kuuliza gari litabaki na nani. Sina jibu. Gari lenyewe bado linamjua Baba peke yake. Mimi naliendesha kwa jina lake.