Kabla ya Kushikana

Katika Kordofan ya Kusini, nchi ya Sudani, iko Milima ya Nuba. Wenyeji wake ni wakulima wa mtama, na desturi yao tangu zamani ni hii: mavuno yakiisha, vijana wa kijiji kimoja huwaendea wa kijiji kingine kushindana mieleka. Kijana aingiapo uwanjani, mwili umepakwa majivu, hakuchukua jina lake peke yake. Amechukua heshima ya kijiji chake chote.

Sheria ya mchezo ni nyepesi. Hapana ruhusa ya kupiga ngumi. Aangushwaye chini ndiye aliyeshindwa. Kwa hiyo mgeni hudhani kwamba mwenye mikono minene ndiye atakayeshinda. Lakini ajuaye mieleka hatazami mikono kwanza. Hutazama miguu na kiuno.

Mshindani hodari hasimami wima kama nguzo. Hutanua miguu, hukunja magoti, huinama mbele kidogo, na mikono yake huitanguliza ili kumzuia mwenziwe. Uzito wake hukaa chini, basi akisukumwa hayumbi. Tena mwenye kiuno cha chini hupata kupenya chini ya kifua cha mwenziwe, akamshika mguu nyuma ya goti na kumnyanyua. Na mtu aliyenyanyuliwa, nguvu zake zote ni bure, kwa kuwa hana pa kukanyaga. Lakini kuinama nako kuna kiasi: ainamaye mno hukamatwa shingo, akavutwa, akaanguka kifudifudi. Wala miguu isikutane wakati wa kuzunguka, maana ndipo apigwapo ngwara.

Ndiyo sababu washindani wawili huzungukana kitambo bila kushikana. Asiyejua husema, “Wanaogopana.” Sivyo, kila mmoja anatafuta mahali pa kusimama, akimngojea mwenziwe akosee hatua moja. Mtu mkubwa mwenye kiburi huchoka kungoja. Hujiinua ili amrukie yule mdogo kwa pupa, na papo hapo mdogo yuko chini ya mbavu zake. Mwereka mmoja tu, na mshindi huchukuliwa mabegani kwa shangwe.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye aliyeanguka huinuka, akajipangusa vumbi, akarudi kwa watu wake akijua kwamba hakushindwa na mikono ya mwenziwe, bali na kusimama kwake mwenyewe. Mavuno yajayo atakunja magoti mapema.