Anayeuguza Mgonjwa Naye Apimwe

Mimi ni mtumishi wa serikali hapa Bujumbura, na kabla ya kuingia ofisini nilipata cheti cha ualimu. Nimewafundisha watoto wa watu kuhesabu. Hata hivyo, siku muuguzi aliponiuliza nyumbani kwangu tu watu wangapi, nilikosea hesabu.

Mwaka 2022 baba mkwe wangu, askari mstaafu, aliletwa kwetu Ngagara kutoka mlimani kwao akiwa anakohoa. Mume wangu naye ni askari, na wakati ule alikuwa kazini mbali na mji. Basi kazi ya kumwuguza mzee ilimwangukia msichana tuliyemwajiri. Yeye ndiye aliyemwogesha, akamlisha uji na kufua vitambaa vyake. Na usiku alitandika mkeka chumbani humo humo ili mzee akiita asikiwe. Sisi tulidhani ni mafua ya kubadili hewa. Tukampa asali na tangawizi majuma matano, jambo ambalo sitalirudia, kwa maana kikohozi kilichopita majuma mawili hakingoji asali. Makohozi yalipopimwa, kikaonekana kifua kikuu.

Muuguzi akafungua daftari, akauliza mzee anaishi na nani. Nikamtaja mume wangu, watoto wawili na nafsi yangu. Kitinda mimba, ambaye hakuwa ametimiza miaka 5, alipewa dawa ya kinga ingawa alichanjwa BCG alipozaliwa. Chanjo ile humkinga mtoto na kifua kikuu kilicho kikali sana, lakini haifungi mlango kabisa. Msichana sikumtaja. Sikukusudia kumficha, hakunijia akilini.

Nyumbani nilijiona hodari. Nilimtengea mzee kikombe, sahani na kijiko, nikavichemsha kila siku. Wengi wetu hufanya hivyo, na usafi si kosa, lakini kifua kikuu hakikai kijikoni wala kikombeni. Vijidudu vyake, ambavyo Robert Koch alivitangaza mjini Berlin mwaka 1882, hutoka kwa kukohoa, huelea hewani, na humwingia anayeivuta hewa ile. Na dirisha la chumba kile nilikuwa nimelifunga mimi mwenyewe, kwa kuogopa mbu na wezi. Wawili wale walipumua hewa moja tangu jioni hata alfajiri, pamoja na joto letu la Bujumbura.

Mwezi wa tatu wa dawa, mzee akiwa ameanza kutembea hadi uani, niliamka usiku kunywa maji. Nikamkuta msichana nyuma ya jiko, amejiziba mdomo kwa kitenge, anakohoa. Nikamwuliza tangu lini. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mama, nikisema utanirudisha mlimani kama ulivyomrudisha mpishi."

Ilikuwa kweli. Tarehe 31 Machi 2020, ilipotangazwa kwamba korona imeingia Burundi, mpishi wetu alikuwa na kikohozi. Siku ile ile nilimpa mshahara wa nusu mwezi na nauli. Sikumwuliza kama ana homa, wala sikumpeleka apimwe. Majirani walimsimulia msichana kisa hicho, naye akaona heri afiche. Na huku anaficha, alikuwa akiwapakata wanangu na kumwuguza mzee ambaye mapafu yake hayajapona.

Asubuhi tulikwenda sote wawili kituo cha afya. Nilimwahidi mbele ya muuguzi kwamba kazi yake ipo na mshahara hautakatwa. Alipopimwa alikutwa nacho. Dawa hutolewa bure, lakini miezi 6 ni mirefu: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Siku ya kwanza alinijia akilia kwamba mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa. Nikamweleza kuwa ni dawa, na kwamba hata mzee ilikuwa hivyo. Majuma ya kwanza alilala peke yake, hakubeba mtoto, nami nikaomba ruhusa kazini ili nimhudumie mzee. Mkuu wangu hakufurahi. Watoto walipimwa upya. Fundi akatia nondo na wavu wa waya dirishani.

Wake wa askari walio kambini huniambia kwamba wao vyumba hawana. Basi mgonjwa na ashinde barazani, mlango na dirisha viwe wazi, avae barakoa anapohudumiwa, na anayemhudumia asilale karibu naye majuma yale ya mwanzo ya dawa. Barakoa tulizonunua wakati wa korona wengi tunazo bado, zimekunjwa kabatini.

Msichana alimaliza vidonge vyake miezi kadhaa baada ya mzee. Yungali kwetu. Mzee hulalamika kwamba upepo wa ziwani humfunua shuka usiku. Msichana humjibu, "Vumilia, babu," akamfunika vizuri, kisha akalifungua dirisha.