Mpira Unaoshika Moto

Kibanda changu kiko kando ya barabara, Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Sisi Wakongo tunakiita kwado. Wengine wanasema kwa fundi wa pancha. Kazi ni ile ile: tyubu za baiskeli, tairi za boda boda, na mara moja moja gari la mizigo lililotoka Mbarara na kukutana na jiwe lililolingoja. Mtu akiniuliza mambo ya roketi yaliniingiaje kichwani, namjibu kwamba yaliingia kwa mlango wa mpira.

Novemba 7, 2022, satelaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa kutoka Wallops, Marekani. Wiki hiyo nilikuwa Mbarara kununua solusheni na viraka. Kijana mmoja anayesoma chuo kikuu pale, mteja wangu wa zamani, akaniambia: "Fundi, unajua kitu chetu kimepandishwa na mpira?" Nikadhani ananitania. Akanieleza kwamba roketi ile, Antares, sehemu yake ya pili huchoma mafuta magumu, na kinachoyashika yasisambaratike ni polibutadieni, aina ya mpira. Jamaa za mpira huo zimo ndani ya tairi ninazobandua kila siku.

Nilirudi Nakivale na mzigo wangu mapajani nikiwaza hilo tu. Baadaye nilisoma, nikauliza, nikaelewa. Chembe za chumvi yenye oksijeni huchanganywa na unga wa alumini ndani ya mpira ambao bado ni uji mzito. Uji humiminwa kwenye ganda la roketi, ukaachwa kwenye joto mpaka ushikane uwe kama kifutio cha penseli. Mpira huo unashika chembe, na saa ikifika unaungua nazo. Unapendwa kwa sababu unanyumbuka. Kitu kikavu kingepata ufa kwa joto, baridi na mtikisiko. Moto ungeingia kwenye ufa, eneo linaloungua lingeongezeka ghafla, na ganda lingepasuka.

Ufa naujua. Tyubu unaikwangua kwa msasa mpaka mng'ao uishe, unafuta vumbi, unapaka solusheni nyembamba, kisha unangoja. Hapo kwenye kungoja ndipo vijana wangu hushindwa. Mteja amesimama, anatazama simu, anaguna, wewe ngoja. Kidole kikigusa bila kulowa, ndipo unaweka kiraka na kugonga kuanzia katikati kwenda pembeni, hewa itoke. Ikibaki chini ya kiraka hewa ya ukubwa wa punje ya mtama, siku ya jua kali utamwona mteja anarudi akisukuma baiskeli. Nilifurahi kusikia kwamba mafundi wa roketi nao hufyonza hewa kutoka kwenye uji wao kabla haujaganda. Ugonjwa wetu ni mmoja.

(Kwetu Kongo mpira una historia chafu. Enzi za Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji watu walikatwa mikono kwa ajili yake. Sisemi hayo kila siku, lakini mkono wangu unapoushika huwa nakumbuka.)

Vijana wa jirani, waliponisikia nikisimulia habari za roketi, walitaka tutengeneze mafuta yenyewe. Nilikataa. Mkimbizi akikutwa na unga unaolipuka, hata kama ni sayansi tupu, maelezo yake yataanzia kituo cha polisi. Tukachukua chupa ya soda, maji kama robo, valvu ya tyubu, na kizibo nilichokichonga kutoka kwenye tairi kuukuu. Unapiga pampu, hewa inasukuma maji, chupa inaruka. Ya kwanza ilipita juu ya mti wangu, nami nikapiga kelele kama mtoto.

Ya tatu ilipasukia chini. Chupa ilikuwa imechakaa na mimi sikuikagua. Mama mmoja Mrundi, aliyekuwa akichambua maharage upande wa pili, alianguka juu ya mtoto wake akamfunika. Hakuna aliyecheka. Nilimfuata nikamwambia, "Mama, utusamehe, ni maji tu." Alitikisa kichwa, akaanza kuokota maharage moja moja. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa mkono.

Tangu siku hiyo tunarushia kwenye uwanja wa mpira, mbali na nyumba, na mtoto mmoja hupita kwanza akitangaza. Chupa iliyotumika mara nyingi naikata kwa kisu ili wasiirudie kwa siri.

Asubuhi za Julai hapa kuna ubaridi, na kizibo huwa kigumu, kinavujisha. Ndipo huwasimulia vijana habari za Challenger, chombo cha anga cha Marekani: Januari 28, 1986, asubuhi ya baridi kali, pete za mpira kwenye maungio ya roketi yake zikashindwa kuziba, watu saba wakafa. Baadaye mwanafizikia Richard Feynman alikibana kipande cha mpira huo, akakichovya kwenye maji ya barafu mbele ya kamera. Alipokiachia, kilichelewa kurudia umbo lake.

Jumamosi iliyopita mdogo wao, wa miaka tisa hivi, alifika uwanjani ngumi imefumbwa. "Papa, nimetoka nacho nyumbani." Akafumbua. Kizibo kilikuwa na jasho, laini, na joto la mkono.