Kuchagua Pikipiki Si Kazi ya Macho Peke Yake

Wazee husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la kweli kwa mtu mvivu atafutaye sababu ya kuchelewa shambani. Walakini hata mkulima hodari, kabla ya kununua mpini mpya, huusimamisha chini akaupima kwa kimo chake, maana mpini wa mtu mrefu humuumiza mtu mfupi kabla jua halijapanda. Habari hii ni ya karani mmoja aliyelisahau jambo hilo kwa muda, akakumbushwa na bibi yake.

Karani huyo ni mzaliwa wa Nyeri, naye alikwenda Marekani kutafuta kazi, akakaa katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, akiandika hesabu ofisini. Alipokuwa mtoto wa shule ya misheni, Padre mmoja alikuwa akipita kila Ijumaa kwa pikipiki kubwa. Watoto waliisikia ngurumo yake kabla ya kuliona vumbi. Mtoto yule aliweka ahadi moyoni kwamba siku moja naye atapanda chombo chenye sauti kama ile. Miaka ikapita, watoto wake mwenyewe wakakua, na ile ahadi ikabaki palepale.

Pikipiki aliyoitamani ni ya namna iitwayo kruza. Pikipiki za namna hii hazikuumbwa kwa mashindano ya mbio wala kwa njia za mashamba. Kiti chake kiko chini, mwili wake ni mrefu, usukani wake ni mpana na umerudishwa nyuma umwelekee mpandaji, na mara nyingi vikanyagio vyake viko mbele, hata mtu hukaa kama aliye kitini barazani. Injini yake hutoa nguvu nyingi ingali ikizunguka polepole, kwa hiyo mtu hana haja ya kubadili gea mara kwa mara. Ni chombo cha safari ndefu katika barabara nzuri. Naye karani alikuwa ameichagua safari yake zamani: kumpakia bibi yake siku ya Jumamosi, na kufuata barabara ya 61 kando ya mto Mississippi mpaka mji wa Red Wing.

Bibi hakukataa, lakini alikuwa na hofu yenye sababu. Ndugu yake alikuwa mwendeshaji wa bodaboda huko Nakuru. Siku moja mwaka 2012, akiwa amempakia abiria pamoja na gunia la viazi, alisimama mahali penye mteremko. Alinyosha mguu ili akanyage chini, asifikie. Pikipiki ikamlalia, na mguu wake ukavunjika mahali pawili. Tangu siku ile hutembea kwa kuchechemea.

Kwa hiyo bibi alitoa masharti matatu. La kwanza, mumewe aende katika mafunzo. La pili, wote wawili wavae helmeti, ijapokuwa sheria ya Minnesota haimlazimishi mtu mzima mwenye leseni kuvaa. La tatu, isitolewe hata senti moja katika akiba yao mpaka yeye aone kwa macho yake nyayo zote mbili za mumewe zimekanyaga chini, tena amwone akiigeuza pikipiki mahali pembamba hali amempakia yeye mwenyewe. Fedha ile waliiweka pamoja kwa miaka mingi, basi neno lake lilikuwa na haki.

Mwezi wa Mei mwaka 2019 karani aliingia katika mafunzo, ambayo hufanyika uwanjani kwa pikipiki ndogo. Huko alijifunza kwamba mwendo wa polepole ndio mgumu kuliko wa mbio. Klachi ishikwe nusu, breki ya nyuma ikanyagwe kidogo, na macho yatazame mahali mtu aendako, si penye gurudumu. Tena aliambiwa neno moja zaidi ya mara tano: usukani ukiwa umepindwa, usiikamate breki ya mbele, maana pikipiki itaanguka upande ule ule.

Alipopata leseni yake, wakaanza kuzunguka madukani.

Pikipiki ya kwanza aliyoijaribu ilikuwa Harley-Davidson, ya aina ya Iron 883. Kampuni hiyo ilianza katika mji wa Milwaukee mwaka 1903. Injini yake ina silinda mbili zilizopangwa mfano wa herufi V, na pistoni zote mbili zimeshikwa na pini moja. Kwa sababu hiyo moto wa silinda hizo haufuatani kwa nafasi sawasawa, na hapo ndipo utokapo ule mlio wa kusitasita ujulikanao duniani kote. Karani alipoiwasha, alinyamaza kimya. Alikuwa amerudi Nyeri, uwanjani pa shule, siku ya Ijumaa. Akaenda nayo maili chache, akarudi uso wake umejaa furaha.

Bibi aliizunguka pikipiki ile mara moja, akakiona kile kiti kimoja tu, akauliza, “Na mimi nitakaa wapi?” Mwuzaji akajibu kwamba kiti cha pili chaweza kununuliwa na kufungwa. Bei yake ilikuwa karibu dola elfu tisa, na uzito wake zaidi ya kilo 250.

Ya pili ilikuwa Indian Scout. Jina la Indian ni la kale kuliko hata lile la Harley, kwa kuwa lilianzia Springfield katika jimbo la Massachusetts mwaka 1901. Kiwanda chake cha kwanza kiliacha kuziunda pikipiki hizo mwaka 1953, na mwaka 2011 jina hilo lilinunuliwa na kampuni ya Polaris ya Minnesota, ambayo iliitoa Scout mpya mwaka 2014. Injini yake wakati ule ilikuwa ya sentimeta za ujazo 1133, nayo ilikuwa na nguvu za farasi 100. Kiti chake kiko chini sana, yapata sentimeta 65 toka ardhini, na nyayo za karani zilikanyaga chini pasipo taabu. Akadhani kwamba sharti limetimia.

Walakini vikanyagio vya pikipiki ile viko mbele, na karani ni mtu mfupi. Ilimpasa kunyosha miguu sana, na kila alipokata kona ya ghafula, mkono wake wa nje ulivutwa mpaka ukakaribia kuuachia usukani. Aliporudi katika uwanja wa duka, alitaka kugeuza taratibu mbele ya bibi yake. Katikati ya mgeuko akaingiwa na hofu, akaikamata breki ya mbele hali usukani umepindwa. Zile kilo 250 zikaanza kulala. Akasukuma kwa goti lake la kushoto, ambalo liliumizwa zamani katika mpira, nalo likakataa. Kama mwuzaji hangekimbia akaishika, pikipiki ingefika chini. Kosa halikuwa la pikipiki hata kidogo. Aliambiwa mara tano, na mara ya sita alisahau.

Wakarudi nyumbani ndani ya motokaa bila kusema. Mwishowe karani akanena, “Mama, ni ugeni tu. Nitaizoea.”

Bibi akajibu polepole, “Baba watoto, ndugu yangu naye alisema hivyo hivyo.”

Jumamosi iliyofuata akaijaribu Honda Rebel 500. Hiyo ilikuwa nyepesi kuliko zote, yapata kilo 190, na bei yake ilizidi dola elfu sita kidogo tu. Karani aliigeuza huku na huku kama mtu achezaye na baiskeli. Kwa mtu mmoja aendaye kazini, ni vigumu kuipinga. Lakini bibi alipopanda kile kiti kidogo cha nyuma, alisema, “Nakaa kama kuku juu ya kamba.” Nayo safari ya Red Wing ni ya watu wawili.

Ya nne ilikuwa Kawasaki Vulcan S, ambayo karani hakuwa ameifikiri hata siku moja. Injini yake ni ya sentimeta za ujazo 649, silinda zake mbili zimesimama sambamba, na asili yake ni pikipiki ya mbio ya kampuni hiyo hiyo. Uzito wake haufiki kilo 230, na bei yake ilikuwa dola elfu saba na kidogo. Lakini jambo lililomshangaza ni kwamba vikanyagio vyake vyaweza kufungwa mahali patatu, mbele, katikati au nyuma, kwa kadiri ya miguu ya mwenyewe. Mwuzaji alimtazama karani kimo chake, akavifunga nyuma. Karani akapanda, akanyosha mikono, na viwiko vyake vikabaki vimekunjwa kama alivyofundishwa. Nyayo zote mbili zikakanyaga chini.

Akageuza upande wa kuume, kisha wa kushoto. Ndipo bibi akavaa helmeti, akapanda nyuma. Wakazunguka uwanja mara moja, mahali pembamba, bila kutia mguu chini. Mara ya pili bibi mwenyewe ndiye aliyesema, “Zunguka tena.”

Hata hivyo karani hakufurahi upesi. Mlio wa pikipiki ile ulikuwa laini, na masikioni mwake ulifanana na cherehani. Alisimama kando yake kitambo, akijua ni kitu gani anachoambiwa akiache. Si rahisi kwa mtu mzima kuivunja ahadi aliyoweka akiwa mtoto, hata kama hakuna mwingine aliyeisikia. Bibi akamwelewa, wala hakumcheka. Akamwambia tu, “Ngurumo haibebi watu wawili.” Wakalipa.

Tangu hapo karani aliamini kwamba mtu akijaribu pikipiki kwa kwenda mbio barabarani tu, hajaijaribu. Barabara iliyonyoka huzisifu pikipiki zote. Ni vema aisimamishe penye mteremko, aigeuze mahali pembamba, airudishe nyuma kwa miguu, tena ampakie yule atakayempakia. Hayo ndiyo yatakayomtokea kila siku, na hapo ndipo watu wengi huangukia.

Mwezi wa Agosti walifika Red Wing. Waliegesha pikipiki, wakakaa kando ya mto, wakala mkate waliochukua nyumbani. Pikipiki moja kubwa ikapita kwa ngurumo, na karani akageuza shingo kuitazama mpaka ikapotea. Bibi aliona, akatabasamu, akamwongezea chai.

Jioni ile karani alimpelekea shemeji yake picha ya pikipiki huko Nakuru, akamweleza habari za injini, gea sita, na maili walizokwenda. Shemeji hakuuliza bei wala mwendo. Alijibu kwa neno moja tu:

“Shemeji, miguu yafika chini?”

Karani akaandika, “Yafika yote miwili.”

“Basi,” akajibu shemeji, “hapo umenunua.”